Rangi Ina Tabia Yake

Haya ni maneno niliyowaambia wanafunzi wapya wa uchoraji na wazazi wao, Jumamosi moja jijini Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nilichopunguza ni salamu ndefu na mizaha.

Wazee wangu, shikamooni. Wazazi wenzangu, habari za asubuhi. Na ninyi vijana mliojibanza kule nyuma, sogeeni mbele, viti vya huku havina kodi.

Kila darasa jipya linapoanza, swali la kwanza ninalokutana nalo mlangoni ni la mzazi: "Mwalimu, nimnunulie nini?" Mara nyingi anauliza akiwa ameshanunua. Mkononi ana boksi kubwa lenye penseli za rangi, krayoni, vidonge vya rangi za maji na kalamu za wino, kila kitu kidogo kidogo. Kwa zawadi ya Idi au Krismasi, boksi hilo ni zuri. Kwa kujifunzia linamchelewesha mtoto. Akikwama kwenye rangi ya maji anahamia krayoni, akichoka na krayoni anashika kalamu, na boksi linaisha kabla hata kimoja humo ndani hakijamfundisha neno.

Leo nimekuja na neno moja, nalo ni hili: kila kifaa cha kuchorea kina tabia yake, na tabia hiyo ndiyo itakayokufundisha, mradi ukae nacho muda wa kutosha. Mkono na jicho mtavifanyia kazi wenyewe, kila siku, bila mimi. Ninachoweza kuwapunguzia ni ule muda mnaoupoteza kugombana na rangi kwa sababu hamjui imetengenezwaje.

Nianze na mtu ambaye jina lake wote mnalijua. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru. Alikwenda Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, baadaye akaja Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani, akashika na vibarua vingine. Mwaka 1968 akaanza kuchora. Kanvasi hakuwa nayo, wala zile rangi za tyubu wanazotumia wachoraji wa vyuoni. Alichora kwenye bodi ngumu za kupigia dari, kwa rangi za enameli, zile za kopo wanazopakia baiskeli. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, pale Morogoro Stores, na wanunuzi wengi walikuwa wageni waliokaa mitaa ile. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mwizi, akafariki. Alichora kwa miaka kama minne tu, na hadi leo kuna watu wanaosomesha watoto kwa mtindo aliouacha.

Sasa zitazameni zile picha kwa jicho la fundi. Rangi ya kopo ni nzito, inang'aa, na inafunika kabisa kilicho chini yake. Inachukua saa nyingi kukauka. Ukiigusa mapema imevurugika. Ikishakauka hairudi nyuma, huwezi kuilowesha uichanganye na jirani yake. Basi mwenye rangi ya namna hiyo afanye nini? Anapaka mandhari yote kwanza, anaiacha ikauke. Anamchora chui kwa rangi moja iliyolala sawasawa, anamwacha naye akauke. Kisha anakuja na ncha ya brashi na kuweka madoa, moja moja, safi, yasiyoingiliana. Mistari iko wazi, rangi ni kali, vivuli ni vichache. Akitaka anga inayofifia kutoka bluu kwenda nyeupe, itabidi azikutanishe rangi hizo zikiwa bado mbichi, na waliomfuata wanafanya hivyo sana. Lakini manyoya laini ya mnyama, yale yanayofifia unywele kwa unywele, enameli haikupi kwa urahisi. Tingatinga hakugombana nayo. Alichukua kile inachokifanya vizuri akakifanya ndiyo lugha yake.

Wapo wanaosema hiyo ni sanaa ya watalii, wakaishia hapo. Mimi sikubaliani nao, ingawa sikatai kwamba nyingi zinazouzwa barabarani siku hizi ni nakala ya nakala. Wanaonakili wameshika umbo, wakaacha swali alilojiuliza yule mzee: hii rangi inataka nini?

Nije kwenye rangi yenyewe, imetengenezwa na nini. Hapa nitakaa kidogo, maana mkilielewa hili mengine yote yatafuata.

Rangi yoyote ni vitu viwili: unga wenye rangi, na kitu cha kuushika unga huo usipeperuke. Unga unaweza kuwa ule ule mmoja. Uchukue udongo mwekundu, ile ngeu wanayoijua mafundi seremala, uusage uwe laini. Ukiuchanganya na gundi ya mgunga, umepata rangi ya maji. Ukiuchanganya na mafuta ya mbegu za kitani, umepata rangi ya mafuta. Ukiuchanganya na chembe ndogo sana za plastiki zilizosambaa ndani ya maji, ni akriliki. Ukiubana kwa gundi kidogo sana na kuukausha uwe kijiti, ni pasteli. Udongo ni ule ule. Kilichobadilika ni mshikaji, na mshikaji ndiye mwenye tabia. Yeye ndiye anayeamua rangi itakauka lini, itang'aa au itafifia, itaonyesha karatasi au itaificha, na ukikosea utaweza kurudi au hutaweza.

Ushahidi wa zamani tunao hapa nchini. Kondoa, pale Kolo na miamba ya jirani, kuna mapango yenye michoro ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Michoro mingi ya zamani ni myekundu, ina mistari myembamba: watu warefu, twiga, swala. Ya baadaye ni meupe na minene, mingi imepakwa kwa vidole. Ukisimama mbele yake utaona wazi kwamba aliyeshika kitu chenye ncha na aliyetumia kidole hawawezi kutoa mnyama yule yule. Na ile nyekundu imedumu kwa sababu ni madini ya chuma yaliyokwisha kupata kutu. Jua halina cha kuibadilisha tena. Linganisheni na kalamu za felti za dukani. Tundika mchoro wake ukutani mkabala na dirisha, baada ya miezi kadhaa zambarau imekuwa kijivu.

Tuanze sasa na cha bei ya chini, penseli. Vijana wengi wanataka kuiruka wafike kwenye rangi, na mimi ndipo ninapowazuia. Ndani ya penseli kuna kinywe, yaani grafiti, madini hayo hayo yanayopatikana Mahenge na Ruangwa, yakiwa yamesagwa, yakachanganywa na udongo wa mfinyanzi, kisha yakachomwa. Njia hiyo aliibuni Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795, wakati vita vilipokuwa vimeizuia nchi yake kupata kinywe safi cha Uingereza. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na mstari wake ni hafifu, hizo ndizo za herufi H. Kinywe kikizidi, inakuwa laini na nyeusi, hizo ni B. Ile HB ya shuleni iko katikati, ni ya kuandikia. Mnunulie mtoto 2B moja na 6B moja, na raba. Inatosha kwa miezi.

Na afanye nazo nini? Aweke kikombe cheupe karibu na dirisha, mwanga uje upande mmoja, achore giza. Namaanisha asikichore kikombe. Achore mahali penye giza kuu, kisha penye giza la kati, na penye mwanga aache karatasi ilivyo. Kikombe kitajitokeza chenyewe. Wanaoanza huchora mstari mmoja mweusi kuzunguka kitu chote, halafu wanashangaa kwa nini kinaonekana kimebanwa kwenye karatasi. Aliyejua kupanga giza na mwanga kwa penseli, siku akishika rangi atakuwa amebakiwa na tatizo moja badala ya mawili.

Penseli ina kasoro yake: ukiikandamiza sana inang'aa, na weusi wake haufiki mwisho. Weusi wa kweli unatoka kwenye mkaa, na mkaa wa kuchorea mnaweza kutengeneza nyumbani. Tafuta vijiti vyembamba vya mti laini, vikavu, uvimenye maganda. Vipange vikiwa vimebanana ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko, toboa tundu dogo juu, weka kopo kwenye jiko la mkaa. Moshi utatoka kwenye lile tundu. Moshi ukikoma, epua, na usifungue mpaka kopo lipoe kabisa. Ukiwa na haraka ukalifungua likiwa la moto, hewa inaingia na unabaki na majivu. Mkaa wa gunia haufai, una sehemu ngumu zinazokwaruza karatasi.

Mkaa unakulazimisha uchore kwa bega. Hauna ncha ya kuchorea kope za macho, kwa hiyo unaachana na kope unatafuta umbo zima. Ndiyo maana darasa hili linaanza na mkaa. Watoto wadogo wanaupenda mara moja. Watu wazima wanaogopa kuchafuka. Wazazi mliojiandikisha nanyi, nawaona.

Wino nitaupitia haraka. Wino hauna raba, hilo peke yake linatosha kumfundisha mtu kufikiri kabla ya kugusa karatasi. Pwani yetu ina historia ndefu ya kalamu: kule Siyu, kisiwa cha Pate nchini Kenya, walikuwa wakinakili Qur'ani kwa mkono na kuzipamba kurasa kwa nyekundu, nyeusi na manjano. Mkipata nafasi ya kuona picha za kurasa hizo, angalieni mapambo ya pembeni, jinsi mstari mmoja unavyonenepa na kukonda bila kutikisika.

Rangi za maji. Watu wanadhani ni za watoto kwa sababu zinauzwa kwenye vidonge na brashi mbovu. Kwangu mimi ni ngumu kuliko zote. Gundi yake, ile ya mgunga, inayeyuka tena kila ikiguswa na maji, kwa hiyo ukipaka tabaka la pili kwa mkono mzito unaamsha la kwanza na vyote vinakuwa tope. Halafu haifuniki. Nyeupe ya kupaka huna, nyeupe yako ni karatasi. Mahali unapotaka mwanga wa jua kwenye bati la nyumba, hapo hupagusi tangu mwanzo hadi mwisho. Unaanza na rangi hafifu, unaelekea kwenye giza, na kurudi ni shida. Mwenye pupa hukosa raha nayo.

Karatasi nayo ina neno. Ya fotokopi ni gramu 80 kwa mita ya mraba. Ukiilowesha inajikunja na rangi inakusanyika bondeni. Ya rangi za maji ni gramu 200 hadi 300. Kama huna, chukua manila nzito, iloweshe kidogo, ibandike kingo zake nne kwenye ubao kwa gundi ya karatasi, iache ikauke. Itanyooka. Wakati wa masika msishangae mkiona picha haikauki hadi jioni, na msifungie karatasi kabatini, zitaota ukungu.

Akriliki ndiyo wengi wenu mtakayoishi nayo. Inayeyushwa kwa maji, haina harufu kali, inafunika, na kwa joto la Dar es Salaam inakauka ndani ya dakika chache. Hilo la mwisho ni zuri na ni baya. Zuri kwa sababu unaweza kupaka juu ya juu siku hiyo hiyo. Baya kwa sababu inakukaukia kwenye sahani hujamaliza kuchanganya. Tandika kitambaa kibichi chini ya karatasi unayochanganyia, nyunyiza maji kidogo kidogo, na usitoe rangi nyingi kwa mkupuo. Brashi usiiache hata wakati unakwenda kupokea simu. Plastiki ikishakauka kwenye nywele za brashi, brashi hiyo ni ya kufagilia vumbi.

Kabla hatujaanza, mzazi mmoja ameninong'oneza akiuliza kama brashi zina nywele za nguruwe. Ni kweli, brashi nyingi ngumu za wachoraji wa rangi ya mafuta zimetengenezwa kwa nywele za nguruwe. Asiyependa kuzigusa atumie za nailoni, na kwa akriliki za nailoni ndizo bora zaidi hata hivyo. Hakuna atakachokosa.

Rangi ya mafuta nitaileta mwishoni mwa mwaka, kwa wakubwa tu. Yenyewe haikauki kwa maji kutoka. Mafuta ya kitani yanavuta hewa ya oksijeni na kugeuka kuwa ngozi ngumu, taratibu, siku kadhaa juu na miezi kwa ndani. Kwa sababu hiyo tabaka la chini liwe na mafuta machache na la juu liwe na mengi. Ukigeuza, la juu linakauka kabla ya la chini na picha inapasuka. Juu ya akriliki unaweza kupaka mafuta. Juu ya mafuta usipake akriliki, itabanduka. Kitambaa cha amerikani nacho kipakwe rangi ya awali kwanza, maana mafuta yakigusa pamba tupu yanaiozesha. Na jambo moja la usalama ambalo naomba lisichukuliwe kwa mzaha: vitambaa vilivyofutiwa mafuta ya kitani, vikirundikwa, vinajipasha moto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandazeni nje vikauke, au vizamisheni kwenye maji. Tapentaini na tina ni za mahali penye madirisha wazi.

Kuna anayedhani mafuta ni ya Wazungu, na kwamba ukiyashika lazima uchore kwa mtindo wao. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, alisoma Makerere chini ya mwalimu Margaret Trowell, kisha chuo cha sanaa cha Slade kule London, na alitumia mafuta. Lakini alichochora ni Uchagani: migomba, watu kazini, sherehe. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ipo kwenye jumba la sanaa za kisasa la New York. Rangi zimelala bapa, watu ni maumbo rahisi, na mafundi wa vivuli wa Ulaya huwaoni humo. Kifaa kinakuwekea mipaka ya namna ya kupaka. Cha kuchora unakileta wewe.

Na mwingine ni George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 huko Masasi, akafariki mwaka 2005. Yeye alianza na kuchonga, kama Wamakonde wengi. Baadaye, akiwa Nyumba ya Sanaa hapa Dar es Salaam, mashetani wake wenye masikio makubwa wakatoka kwenye mti wakaenda kwenye ngozi za mbuzi, kwenye batiki, kwenye bamba za chuma za kuchapia, na mwisho kwenye bodi kwa rangi kali. Mtu anaweza kusema, mbona huyu alishika kila kitu? Alishika, lakini aliingia kwenye vyote hivyo akiwa tayari na umbo alilolijua kwa mikono kutokana na miaka ya patasi. Ukitazama picha zake, mikono na miguu ya wale mashetani imepinda kama mti uliochongwa.

Nimeacha kidogo kwa ajili ya rangi ya ngozi, maana ni jambo ninalolirekebisha kila mwaka. Mtoto anachora mama yake, anachukua kahawia ya tyubu, kisha anaongeza nyeusi kwenye kivuli. Mama anageuka kijivu, anaonekana mgonjwa. Iacheni nyeusi. Nunueni tyubu nne za akriliki. Nyuma ya tyubu ya rangi ya heshima kuna alama ndogo inayotaja unga uliotumika. Tafuteni PR101, ni nyekundu ya kutu, ndugu ya ile ya Kondoa. PB29, ni bluu. PY42, ni manjano ya udongo. PW6, ni nyeupe. Changanya ile nyekundu na ile bluu, utapata giza lenye uhai, ambalo ukilivuta upande huu linakuwa la joto, upande ule la ubaridi. Ongeza manjano penye jua. Kwenye paji la uso na mfupa wa shavu la mtu mweusi sana, mwanga mara nyingi una ubluu wa anga, hasa akiwa nje. Wekeni bluu na nyeupe kidogo hapo mwone. Kwa tyubu hizo nne mnaweza kumchora kila mtu aliyekaa humu ndani, na hakuna wawili watakaofanana.

Kuhusu kama kuna riziki: wanafunzi na jamaa wa Tingatinga waliendelea kuchora pamoja, na mwaka 1990 wakasajili chama cha ushirika ambacho kiko Oysterbay hadi leo. Nendeni mkawatazame wakifanya kazi, hawafukuzi mtu. Waulizeni wanavyogawana wateja na rangi, mtajifunza zaidi ya nitakavyowaambia mimi nisiyeuza sana.

Jumamosi ijayo tunaanza na mkaa. Kila mmoja aje na kopo lake tupu la maziwa ya unga, vijiti vya kutosha kulijaza, na nguo asiyoionea huruma. Jiko na mkaa nitaleta mimi. Wazazi mnaobaki kusubiri, msikae nje, viti vipo na karatasi zipo.